Siku Bibi Alipotoa Vitu Vyake Sokoni

Mwezi uliopita nilikwenda Uskoti kikazi, na wenzangu wa ofisini wakanivuta tukaone nguzo ya kale ya soko, ya mawe, yenye mnyama wa pembe moja juu. Mtembeza wageni akatueleza kwamba hapo ndipo mbiu za mfalme zilipokuwa zikisomwa, na hapo ndipo wezi walipofungwa ili watu wa sokoni wawacheke. Wenzangu nao wakacheka. Damu ikanichemka, nikaondoka bila kuaga. Ngoja nikwambie kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa, hapa Brussels, mtaa wa Schaerbeek. Bibi alikuwa ametoka Tanga kuja kukaa nasi. Jumamosi asubuhi tulishuka sokoni, mimi, yeye na jirani yetu, maman wa Lubumbashi. Nilikuwa nalipenda soko lile, we! Harufu ya kuku wa kuchoma na zeituni, tramu ikilia kwenye kona, bibi akinusa kila tikiti kabla ya kulikataa. Kifaransa hakujua hata neno. Mdomo wake ulikuwa mimi.

Siku hiyo alikuwa na tangawizi kapuni, ameinunua dukani kwa Mturuki kabla hatujafika. Muuza mboga mmoja akaiona, akalishika kapu.

"Mwambie huyu bibi atoe vyote. Ameniibia."

Unadhani nilimwambia? Niliona haya. Nikasema, "Bibi, anataka kuona ulichonunua."

Bibi akafurahi! Akatoa kimoja kimoja, bamia, ndimu, tangawizi, akivipanga mezani kwa tabasamu kama mtu anayeonyesha mjukuu mchanga. Watu wakajaa, wakacheka. Ndipo jirani yetu, aliyekuwa amebaki nyuma kwenye samaki, akatufikia.

"Maman, uyu muntu anasema uliiba! Donc unamuonyesha bintu byako ya nini?"

Akamgeukia muuzaji, akamfokea kwa Kifaransa: yeye mwenyewe aliiona tangawizi ikinunuliwa, twende kwa Mturuki tukaulize. Yule bwana akainua mabega. "Bon, basi," akasema, akamsukumia bibi tufaha moja. Samahani hakusema.

Bibi aliliacha tufaha palepale. Akarudisha vitu vyake kapuni. Njiani hakunigombeza. Alisema tu, "Neno la mtu ni amana, mjukuu wangu. Lifikishe kama ulivyopewa, hata likiwa chungu."

Hakukanyaga tena sokoni mpaka aliporudi Tanga, na huko ndiko alikozikwa.

Juzi nilipita pale sokoni. Yule bwana hayupo. Mahali pake pana mama anayeuza jibini, akanisalimia vizuri, akanionjesha kipande. Nikasimama na hasira yangu ya miaka thelathini. Sasa Kifaransa changu kimenyooka, kila neno alilostahili kuambiwa yule bwana nalijua, na wa kuambiwa hayupo.