Esteri Aliyepanda Mti wa Shemeji Yake

Watu wa Makere wakikuambia kwamba Esteri Ndayikunda ana mdomo, waulize kwanza nani aliufungua. Mimi Shadia nina duka Kasulu, jirani na stendi, na kwa miaka kadhaa asali ya Makere ilipitia mikononi mwangu kabla ya kwenda Dar es Salaam. Mambo haya nayajua, na mpaka leo yananipandisha mori. Sisemi ili kumsifu. Esteri mwenyewe hapendi sifa. Ukimsifu anakuuliza unataka nini.

Wazazi wake walivuka kutoka Burundi kabla hajazaliwa. Yeye kazaliwa Makere, kasoma Makere, kaolewa Makere na Reverien, Muha wa pale pale, mrina asali. Reverien alikufa kwa homa wakati mtoto wao Rosa bado ananyonya. Alimwachia mkewe nyumba, shamba la maharage na muhogo karibu na kijito, na mizinga ya magogo iliyotundikwa msituni. Shamba hilo lilikuwa sehemu ya ardhi ya baba yao, na msimamizi wa ardhi ile alikuwa kaka mkubwa wa Reverien, Kipriani. Akamwacha Esteri alime. Kila mtu alisema Kipriani ni mtu mwema, na mwenyewe alilisema hilo kuliko wote.

Wazee wa kijijini hawakutaka kusikia habari ya mwanamke kupanda mti wa mzinga. Mwanzoni Esteri aliwatumia vijana wa kukodi. Walikuwa wanarudi na ndoo nusu, midomo inang'aa asali, wanaapa nyuki wamehama. Siku moja akavaa suruali ya marehemu mumewe, akachukua kamba na mwenge, akapanda mwenyewe. Alishuka uso umevimba na ndoo zimejaa. Watu walicheka mpaka wakachoka, naye akaendelea kupanda.

Mwaka 2012, binti wa mama yangu mdogo, Yasmini, alikuja Kasulu kwenye harusi. Ni muuguzi huko Dar. Aliionja asali ya Esteri dukani kwangu akaniuliza nani kairina, analipwa vipi, na msitu wake ukoje. Nikamcheka. Nilidhani ni yale maswali ya watu wa mjini wasio na la kufanya. Kumbe yeye na wenzake, wauguzi na walimu, walikuwa wananunua vyakula kwa pamoja moja kwa moja kwa wakulima, na walikuwa wamekula kiapo kutonunua kitu kilichomdhulumu mtu au kuua ardhi. Walikwenda Makere, wakakaa na warina asali, wakapatana. Bei itapangwa na pande zote mbili kabla ya msimu, na haitashuka hata asali ikijaa. Sehemu italipwa mapema, ili mtu asilazimike kumuuzia mlanguzi kwa bei ya kutupa. Na warina asali nao walitakiwa kuleta asali iliyoiva, na kuacha kabisa mizinga ya magome.

Mzinga wa gome ni kazi ya asubuhi moja. Unauchagua mti wa miombo ulio hai, unauchuna gome lake zima zima kuuzunguka, unalikunja, unalishona, mzinga tayari. Mti unabaki uchi, unakufa umesimama. Mzinga wa gogo unataka mti ulioanguka, tezo, na siku nyingi za kutoboa. Wote walikubali, kikundi kikaanzishwa, na Kipriani akawa mwenyekiti.

Likabaki swali la namna ya kuhakikisha, maana watu wa Dar hawawezi kuzunguka msituni. Wakaamua kila mwanachama awe na mdhamini, jirani atakayekwenda kuiangalia mizinga ya mwenzake kabla ya kurina, kisha asimame mbele ya wageni aseme alichokiona. Wazo zuri, ila aliyelileta hakuijua Makere. Pale mzinga wa mtu hauchunguliwi. Ukiutundika ni wako, hakuna atakayeugusa, na jirani akipita chini yake anatazama njia. Kumkagua mtu mizinga ni kumwita mwizi, au kutaka nyuki wake wahame. Basi wanaume wale wakafanya kama walivyolelewa. Kila mmoja alisimama akamdhamini jirani kwa mizinga ambayo hajapata kuiona. Wala sidhani kama walijiona wanadanganya. Waliona wanaheshimiana.

Mwaka wa kwanza ukapita hivyo, asali ikaenda, pesa ikaja. Mwaka 2014 mdhamini wa Kipriani alihamia Kibondo, upande wa Kitahana. Kipriani akamwomba Esteri achukue nafasi ile. Alikuwa na akili zake. Mwanamke, mjane wa mdogo wake, analima kwenye ardhi anayoisimamia yeye. Angepata wapi mdhamini mpole kuliko huyo?

Ila Esteri akipewa kazi huifanya. Alivuka kijito akaingia sehemu ya msitu anakotundika Kipriani, na kabla hajaona mzinga aliona miti. Miombo mikubwa, imechunwa kutoka chini mpaka juu ya kimo cha mtu, majani yamekauka wakati ya miti ya jirani bado mabichi. Akainua macho. Magome matupu, yametundikwa kila mahali. Ili asije akamsingizia mtu, akapanda, akaumwa na nyuki, akaitazama alama iliyochomwa kwa moto kwenye kizibo cha mzinga. Ilikuwa ya Kipriani. Na sababu haikuwa njaa. Ile bei nzuri, bei ya haki waliyoileta akina Yasmini ili msitu upone, ndiyo iliyomtia tamaa ya mizinga mingi, na mingi kwa haraka ni ya magome. Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja, na huyu alichovya kwa mkono mzima.

Alianza kwa heshima. Alikwenda nyumbani kwa shemeji yake, peke yake, akamweleza alichokiona na kumwomba aishushe mizinga ile kabla wageni hawajafika. Kipriani alimkaribisha kiti, akaagiza aletewe chakula. Alimwambia watu wa Dar wanakula asali, hawali miti. Alimwambia pia kwamba kuupanda mti wa mtu ni kosa ambalo mwanamume mwenzake asingesamehewa, lakini yeye atamsamehe kwa kuwa ni mwanamke, tena wazazi wake hawakuwa wa pale. Kisha akamalizia taratibu kabisa.

"Shemeji, lile shamba unalilima vizuri. Endelea kulilima."

Esteri akaelewa. Akanawa mikono, akashukuru, akaondoka bila kula.

Siku ya mkutano nilikuwepo, nimempeleka Yasmini mwenyewe. Tulikaa uwanjani, na wadhamini wakaanza kusimama mmoja mmoja. Leonidasi, jirani wa Kipriani, aliisifu mizinga ya Havyarimana, mwanachama mwenzake, kama vile huwa analala ndani yake, na kwenye ule upande wa msitu hajapata kukanyaga. Zamu ya Esteri ilipofika alisimama na kanga yake begani, uso bado una uvimbe.

"Nimepanda mti wa shemeji. Mizinga ni ya magome, si ya magogo. Miti aliyoichuna imekufa imesimama. Anayetaka tuende, nitamwonyesha."

Watu waliguna kwa kitu kimoja tu, kwamba amepanda. Habari ya miti hakuna aliyeishika. Kipriani hakukana. Aliwageukia wanaume wenzake akauliza, tangu lini mkimbizi akawafundisha watu msitu wao. Mkimbizi! Mama wa mtoto wa mdogo wake, mzaliwa wa pale pale, aliyemzika ndugu yao na kumlilia kuliko wao. Nilitamani kusimama nimrudishie, lakini Esteri alinitazama nikae.

Halafu ndugu yangu Yasmini akaniongezea hasira juu ya hasira. Alizungumza kwa ile sauti laini ya wodini. Alimshukuru dada Esteri kwa ukweli wake, akasema kwa mujibu wa makubaliano wenzake hawataweza kununua asali ya kikundi msimu huu. Ila asali ya Esteri wataichukua yote, na jina lake wataliandika kwenye chupa. Aliona anamtendea wema. Nilitaka kumfinya.

"Dada Yasmini," Esteri akasema, "mlisema mnataka ukweli, nimewapa. Sasa mnauchukua mnaondoka nao, mimi mnaniacha hapa na hawa. Siuzi peke yangu. Nyuki wangu wanakula maua ya miti hiyo hiyo. Mkiwaacha hawa, wataendelea kuchuna wawauzie walanguzi, na mimi nitabaki na jina langu kwenye chupa tupu. Mkitaka haki, kaeni hapa muihangaikie."

Yasmini ni mtu mzuri, sisemi sivyo, lakini wazuri nao wanapenda kuondoka mikono ikiwa safi. Usiku ule alilala Makere, kesho yake akaenda msituni na viatu vyake vya mjini, akaonyeshwa miti ile. Aliporudi hakuwa na ile sauti ya wodini. Akasema atanunua kwa yeyote atakayekubali mizinga yake ifunguliwe kwelikweli. Siku nzima hakuna aliyejitokeza. Jioni Leonidasi akamfuata Esteri, ananung'unika njia nzima, akamwambia njoo uangalie yangu basi, tumalize. Ikakutwa nayo ina magome mawili. Baada yake wengine wakakubali, na wenye magome wakapewa msimu mmoja: miti waliyoiua waiangushe, waitoboe, iwe mizinga ya magogo. Dar wakatanguliza fedha za matezo. Hata Kipriani alitoboa. Bei nzuri anaipenda.

Lakini haki ile iliishia msituni. Mvua za kwanza zilipoanguka, Esteri alikwenda shambani na jembe lake akawakuta watoto wa Kipriani wanapanda muhogo. Hawakumwambia kitu, wakaendelea kupanda. Alimwendea shemeji yake, akajibiwa kwamba ardhi ni ya ukoo na ukoo umeamua. Ukoo gani? Ni yeye na kiti chake. Na kikundi kizima, watu wanaokula bei ya haki kwa sababu ya mdomo wa mwanamke huyu, hakikutoa neno. Kweli msema kweli hana wajoli, hana mwenzake. Waliokuja dukani kwangu niliwauliza, na shamba la Mama Rosa je? Wakainama, wakasema hayo mambo ya familia. Niliwapimia sukari yao bila kuwatazama usoni.

Mwaka mzima Esteri alilima vipande vya kuomba, huku na kule, unga akinunua. Nilitaka kumpigia simu Yasmini, akanikatalia. Alisema atasema mwenyewe, na atasema palepale.

Julai 2015 Yasmini alirudi na wenzake wawili. Wakati ule Warundi walikuwa wanavuka tena kwa maelfu, na neno mkimbizi lilikuwa kwenye kila kinywa, mara nyingi likimlenga asiyehusika. Kipriani, mwenyekiti bado, alivaa koti akawaeleza wageni kwamba pale Makere majirani kukaguana mizinga ni mila yao tangu mababu. Soda ilinipalia.

Wadhamini wakasimama, na safari hii walisema walichokiona kwa macho. Zamu ya Esteri ikafika, naye mdhamini wa Kipriani bado, maana hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo.

"Mizinga ya shemeji nimeikagua yote. Ni ya magogo, asali imeiva. Mizinga ni safi."

Watu wakaanza kupiga makofi. Yeye hakukaa.

"Yeye si safi. Shamba alilotuachia Reverien, mimi na Rosa, amelichukua kwa sababu mwaka jana nilisema kweli hapa. Nyinyi mnatoka Dar kuja kuuliza kama mti umekufa. Ulizeni na mimi ninaishi vipi."

Kipriani alitabasamu akasema hayo ni ya ukoo, wageni wamefuata asali. Mmoja wa wale wageni wapya akatingisha kichwa kumkubalia, na nikasema moyoni, basi, yameisha. Yasmini akasimama. Hakumjibu Kipriani, aliwatazama wanaume wote waliokaa pale.

"Nani anamdhamini mzee Kipriani? Si mizinga yake. Yeye."

Mtu kukosa mdhamini hadharani lilikuwa jambo ambalo Makere haijapata kuliona. Kwa adabu yao wangemdhamini hata fisi. Kipriani akamtazama Leonidasi. Leonidasi alisimama taratibu, kofia mkononi, na nilidhani anakwenda kuharibu.

"Shamba lile tulilifyeka na Reverien, mimi na yeye. Ni la Reverien," akasema. "Mimi simdhamini."

Akakaa. Wengine walitazama chini, lakini hakusimama hata mmoja kumdhamini. Asali haikupakiwa siku ile, wala siku iliyofuata. Ndoo zilikaa zimepangwa uwanjani, na kila aliyepita alijua zinasubiri nini.

Kipriani hakwenda kuomba radhi. Alimtuma mke wake aseme shamba lipo, Esteri alime, ila muhogo uliomo ni wake, atakuja kuuvuna ukikomaa vizuri. Esteri alimsikiliza mama wa watu, akamkaribisha uji, akamsindikiza. Alfajiri iliyofuata aliingia shambani na Rosa wakaung'oa muhogo wote. Waliumenya, wakauloweka, wakauanika juu ya mwamba ulio kando ya njia anayopita Kipriani kwenda kanisani. Wakala ugali wake mpaka ukaisha, na hawakumuuliza mtu.