Nyaya za Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka, alisomea mambo ambayo ukimwuliza utajuta. Kazi yake ilikuwa nyaya za semikondakta, kitu kinachopitisha umeme nusunusu, nyembamba hivi kwamba unywele mbele yake ni gogo. Alizilaza juu ya kipande cha fuwele, akapiga leza kwenye ncha moja ili chaji za umeme ziamke, kisha akapitisha wimbi la sauti, sauti isiyosikika kwa sikio. Wimbi likizibeba chaji hadi ncha ya pili, pale panatoa mwanga. Miaka yote chaji zilikwama njiani.

"Nyumbani kwenyewe sauti yako hatuisikii," kaka alimtania, "huko itabeba nini?" Alicheka peke yake.

Mtambo wa kuoteshea nyaya, maana huota kama nyasi, ulipokufa, kilibaki kipande kimoja, chenye nyaya nzuri kuliko zote alizowahi kupata. Mkuu wa idara akasema mwanga usipoonekana, chumba chake cha maabara watapewa wengine. Siku ya kupima, wifi aliniita nikashuhudie.

Nilimkuta amechangamka mno. "Kaa hapo, wifi, usiguse kitu. Leo utaona!"

Mdomo ukinisimulia, mikono yake ilichukua kile kipande ikakitumbukiza kwenye beseni dogo la chuma, lile linalotikisa maji kwa sauti ili kung'oa uchafu. Kila fuwele huoshwa humo kabla ya kulazwa nyaya. Baada ya hapo ni mwiko. Lakini mazoea yana taabu. Beseni likavuma, naye akaendelea kunieleza.

Alikitoa, akakiweka chini ya hadubini, akainama. Akakisogeza kipande huku na huku.

"Vipi, wifi?"

"Nimekiosha."

"Si ndiyo vizuri?"

"Nyaya zimebanduka, wifi. Zote."

Nikamwambia basi tuzitafute majini. Akanisogezea beseni nitazame mwenyewe. Maji yalikuwa maangavu, hamna hata chembe ya kuonekana. Alisema zimekatikakatika, na hakuna mkono wala koleo la kuziokota. Nilishikwa na uchungu, nikatamani nipate mtu wa kumgombeza. Hakuwepo.

Mkuu wa idara akapiga hodi, akachungulia. "Mwanga umeonekana?"

"Bado," wifi alijibu.

Mlango ulipofungwa alivuta kiti, akakiweka kile kipande mahali pake, akawasha leza juu ya fuwele tupu, akaanza kupima kana kwamba nyaya zingalipo. Sikuthubutu kumwambia twende nyumbani.