Uzi Uliosema Umemaliza

Siku ile katika chumba cha mizani tulikuwa wanne, na ninawataja wote ili ujue sisimulii ya kusikia. Alikuwepo Fundi Lugembe, aliyetunza mashine za kiwanda chetu cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Alikuwepo Mzee Ndaki, mpimaji. Dirishani alisimama Mama Minza, mkulima mjane. Wa nne ni mimi, nilikuwa mbele ya kompyuta.

Mwanangu, mimi niliacha shule kidato cha pili wazazi wetu walipofariki, nikabaki na wadogo zangu wanne. Kiwandani niliingia kama mfagiaji. Fundi Lugembe aliniona nasoma vitabu vyake vya kompyuta wakati wa chakula, akanifundisha misimu miwili, hadi nikaandika programu ya mizani mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Wanunuzi walikuwa wengi, na mkulima akicheleweshwa alivuka barabara kwenda kwa mwingine. Sisi tulikuwa na mizani mbili, ya magari na ya magunia, kila moja na maktaba yake, yaani fungu la maagizo ambalo programu hulipakia ili izungumze na mizani hiyo. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ndogo, hivyo nilikuwa naondoa maktaba moja ndipo napakia nyingine. Na maktaba ya magari ilitumiwa na nyuzi mbili kwa pamoja, yaani kazi mbili zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja: uzi mmoja ulisoma uzito, wa pili ulionyesha tarakimu kwenye ubao wa nje.

Fundi alikuwa ameniambia, "Kabla ya kuiondoa, subiri kila uzi ufe kabisa." Mimi niliona kusubiri kunakula sekunde nyingi. Nikaweka hesabu: kila uzi ukimaliza unapunguza moja, ikifika sifuri naondoa maktaba. Nilijaribu mara nyingi, ikakubali. Sikuona kwamba upunguzaji huo ulifanyika ndani ya maktaba yenyewe. Uzi ukishasema nimemaliza, bado una hatua moja ya kutoka.

Trela la Mama Minza lilipimwa likiwa limejaa. Pamba ikamwagwa kwenye lundo, ikachanganyika na ya wengine, trela likarudi kupimwa tupu. Kabla halijapimwa wakaja watu wa magunia.

"Mwangaluka, binti," Mama Minza alinisalimu kwa Kisukuma dirishani. "Hiyo tivii yako imelala? Ng'ambo kule nasikia wanapima upesi."

"Kule wanapima kwa macho, mama," Mzee Ndaki akamjibu. "Na macho yao yana njaa."

Nikaharakisha kubadilisha mizani. Hesabu ikafika sifuri, nikaondoa maktaba, na uzi wa pili ulikuwa bado ndani. Ulipotaka kupiga hatua yake ya mwisho haukukuta pa kukanyaga. Programu nzima ikafa, na uzito wa trela lililojaa, uliokuwa haujahifadhiwa popote, ukafa nayo.

"Langu liliandikwa ngapi?" Mama Minza akauliza.

Niliwaza wadogo zangu na ajira yangu. Nikasema, "Umeme umeyumba, mama."

Fundi alitazama taa ya umeme. Ilikuwa imetulia.

Mzee Ndaki akakadiria uzito kwa kufuata trela la jirani wa mama huyo. Mama Minza akasema taratibu, "La kwangu watoto walishindilia pamba siku mbili." Kisha akatia kidole wino, akapokea malipo pungufu.

Alipoondoka, Fundi akaniambia, "La programu tutalirekebisha leo. Lile lingine si la fundi."

Basi mwanangu, unapoandika programu yenye nyuzi nyingi, usiondoe maktaba kwa sababu uzi umesema umemaliza. Kwanza zuia nyuzi mpya zisiingie. Ziambie zilizomo zitoke, kisha subiri kila uzi ufike mwisho wake, na hesabu yako iweke nje ya maktaba. Kama kuna uzi usioweza kuusubiri, iache maktaba mahali pake hadi programu ifungwe. Kumbukumbu iliyojaa inavumilika. Na ukikosea, taja kosa kwa jina lake mbele ya aliyeumia, siku hiyohiyo, kabla hujaanza kujihurumia.

Mungu akupe subira kazini na ulimi usiokwepa. Wadogo zangu wote walisoma, na mmoja ni mwalimu kule Nyalikungu. Mama Minza nasikia anaishi Kimali kwa binti yake, na macho yamepungua nguvu. Hadi leo anajua ulikuwa umeme. Sijakwenda.