Kumi na Tatu, Nambari ya Vifo na Mbuzi

Fundi wetu wa simu hapa Butembo amefariki, wasomaji wangu, na watu wa Beni walipata habari hiyo kama tangazo la kuuza mbuzi. Jina lake, mtaa wake, idadi ya wajukuu wake, "yuko nyumbani hadi kesho", na chini yake kitufe cha kununulia. Mtu wa Mbau, kule Beni, alimpigia mjane: "Mama, iko bado? Bei ya mwisho?" Mjane akajibu, "Hapana mbuzi, papa. Ule ni bwana yangu." Mambo hayakuishia kwenye kicheko. Yaya wa marehemu, yaani ndugu yake mkubwa, anaishi Beni; aliliona tangazo akalipita, maana hanunui mbuzi, na familia isingezika bila yeye.

Kama nilivyoelewa, na huenda sikuelewa vizuri, ule mtandao wa ujumbe wa mafundi wa simu wa huku na wa Beni hauna bureau wala chef, yaani hauna ofisi wala mkubwa. Kila aina mpya ya ujumbe hupewa nambari, na simu ikiiona hujua ionyeshe nini. Yeyote anaweza kuchagua nambari. Marehemu alichagua kama tunavyowapa watoto majina huku kwetu: mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, basi. Ya mwisho kutumika ilikuwa kumi na mbili; vifo akavipa kumi na tatu. Beni nao, bila kumjua, wakawapa mbuzi kumi na tatu. Siwezi kuwalaumu. Kila nyumba ina Kambale wake. Niliwahi kumwuliza marehemu mbona asirukie nambari ya mbali. "Sasa wewe, utazaa mutoto wa tisa mbele ya wa tatu?"

Bahati nzuri, vijana wa Beni walifika kwenye kilio na yule yaya nyuma ya pikipiki; walikuwa wametilia shaka mbuzi mwenye wajukuu. Wakaanza kubishana na wenzao wa Butembo kando ya jeneza, kumi na tatu ni ya nani. "Yetu ilizaliwa mbele!" "Mais, nani aliiona?" Yaya akawakatiza: "Munyamaze! Mukubwa ndiye anaachia mudogo. Mukubwa ni nani hapa?" Wote wakashika jeneza. Tukazika.

Kesho yake vijana wa Butembo, kwa heshima, waliiacha kumi na tatu wakachukua inayofuata. Beni, kwa heshima ileile, wakafanya vilevile. Sasa vifo na mbuzi viko pamoja kwenye kumi na nne. Nadhani somo ni hili, wasomaji: ukimpisha mwenzako, kwanza muulize naye anaelekea wapi.