Jina la Kalunde Ukumbini

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka Kigwa na daftari, kinasa sauti na hofu. Kazi yangu ilikuwa utafiti wa shahada ya uzamili, juu ya wanawake waliotembea na misafara ya zamani. Njia nzima kutoka nyumbani Mtendeni nilikuwa nikiwaza: nikisema shikamoo, niiname kidogo au sana?

Bibi Nyamizi, mzee niliyeelekezwa kwake, alikuwa anachambua karanga. Nilimpa fomu ya ridhaa, karatasi ambayo kwayo msimulizi hukubali kuhojiwa, nikamweleza kuwa badala ya jina lake, kwa kufuata orodha yangu, ataitwa Msimulizi wa Saba.

"Namba ni ya kitanda cha hospitali, mjukuu wangu," alisema. "Haya, mimi nifiche. Lakini Kalunde, bibi yake mama yangu, alitembea kutoka hapa hadi pwani na mzigo kichwani, na walioandika wakaandika wanaume. Ukifika huko kwa wasomi, mtaje. Usipomtaja, usirudi kuniuliza kitu."

Ikisiri yangu, yaani muhtasari wa mada, ilipokubaliwa kwenye kongamano la wasomi ng'ambo, msimamizi wangu alinionya. "Marehemu mtaje, kitukuu wake ameridhia. Ila una dakika kumi na tano, na wewe huwa unaanza kwa kuomba radhi."

Ukumbi ulikuwa na madirisha marefu, na nje ukungu ulikuwa umemeza mji. Nilipaswa kuanza na swali la utafiti. Nikaanza na itifaki, kama kwenye mahafali ya kwetu: mwenyekiti wa kikao, maprofesa, wahadhiri, wanafunzi wenzangu, mafundi wa vipaza sauti. Nikahisi nimemsahau mtu. Nikarudia.

Nilipofika kwenye ramani ya njia, ukungu ule ulikuwa umegeuka vumbi. Niliwaona wale wanawake wa misafara wakipita nje ya vioo, mmoja nyuma ya mwingine, shingo zimenyooka, bila haraka. Sijui niliwatazama kwa muda gani. Mwenyekiti aliinua kadi: dakika moja.

Matokeo yote, kazi ya miaka miwili, yalikuwa bado mbele. Niliyaruka.

"Kalunde wa Kigwa," nilisema. "Alibeba mtama, chungu, na mtoto mgongoni. Alifika pwani, akarudi."

Nikakaa. Hakuna aliyeuliza swali.

Sasa nimehitimu, na wanaonifuata huniuliza namna ya kuwasilisha mada. Huwaambia wapunguze itifaki. Jambo la pili huwa sijui nilieleze vipi, kwa hiyo huwasimulia nilivyorudi Kigwa.

"Ulimtaja?" Bibi Nyamizi aliuliza hata kabla sijaketi.

"Nilimtaja, Bibi. Ila matokeo sikuyafikia. Nadhani niliharibu."

"Wao walifanya nini?"

"Walinyamaza."

"Wote?"

"Wote. Hata mwenyekiti alishusha kadi yake."

Akanisogezea kigoda.

"Basi kaa. Washa hicho kinasa chako. Nilikuwa sijakwambia hata nusu."