Sufuria la Msikitini

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Kibiti yalijaa kila kitu, lakini shuleni kwetu Mtunda watoto walisinzia kwa njaa kabla ya saa nne. Wazazi wakakubaliana kila mmoja aje na mwanawe, walete unga na kuni, wawapikie wanafunzi uji. Siku ilipofika tulikuja mama na mimi. Wengine wote walikuwa na udhuru, na watakaokunywa uji ni watoto wao.

Mama alinuna. Akanichukua twende kuazima sufuria kubwa la msikitini, lile la kupikia misibani. Tukapita nalo katikati ya kijiji, yeye kashika huku, mimi kule. Yeye kanuna, mimi nalia, maana kishikio kilikuwa kinanikata vidole.

Kufika shuleni, kijiji kizima kiko nyuma yetu. Wanawake wamebeba mchele, nazi na kuni, wanaume wana majembe ya kuchimbia kaburi.

“Nani tena jamani?” akauliza bibi mmoja, machozi yanamtoka.

“Hajafa mtu,” mama akajibu. “Tunawapikia watoto.”

Wakatazamana. Lakini nani atarudi nyumbani na mchele aliokwisha kuubeba kwenda msibani? Wakashusha mizigo. Bibi akafuta machozi, akasema, “Mie nimeshalia. Mtanipakulia na mimi.”

Siku hiyo watoto walikula wali wa nazi, wakashiba. Tulipokuwa tunasugua sufuria, mama akaninong'oneza, “Wiki ijayo tunapita nalo tena. Na wewe ulie vizuri zaidi.”