Mteja wa Nyuzi za Chuma

Kila alipofika dukani kwa Kevina, pale mtaani Munuki, mhadhiri yule alinunua kitu kimoja tu: nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Kevina, Mganda asiyeishiwa maneno, hakuchoka kumtania: "Ustaz, sufuria yako bado iko chafu?" Naye hujibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama, "Bado, mama," huku akificha mfukoni vidole vilivyojaa kutu na mikwaruzo. Nyuzi hizo alizishindilia ndani ya pipa la mashine ya kufulia, nyuma ya duka hilo, kando ya jenereta. Pipa likizunguka kwa kasi, alimweleza Kevina, maji ya magadi hurushwa na kupasuka kuwa matone madogo, na hewaukaa iliyomo katika moshi wa jenereta hupata mahali pengi pa kuingia na kunaswa. Chuo kilimpa nafasi moja ya kulionyesha hilo. Akishindwa, utafiti wake unafungwa.

Siku wakubwa wa chuo walipokuja kutazama, jenereta ililemewa, pipa likasimama, maji yakachuruzika upande mmoja na moshi ukapita ulivyo. Akalishika pipa kwa mikono mitupu, akalizungusha, akalizungusha. Wageni wamekwisha kuingia garini, yeye bado analizungusha.

Kesho yake alirudisha dukani paketi za nyuzi ambazo hakuwahi kuzifungua, akaomba abadilishiwe kwa sabuni.

"Eh, Ustaz! Leo sufuria iko safi?"

"Iko safi, mama," akasema, na safari hii hakuificha mikono.